Mifuko ya PICS katika stoo ya familia: tathmini baada ya misimu mitatu

Nyumbani kwetu Dodoma tunaishi watu saba, na kwa hesabu tuliyoiweka kwa miaka kadhaa tunamaliza gunia la mahindi la kilo 100 kila baada ya miezi miwili, yaani magunia sita kwa mwaka, pamoja na kilo 100 za maharage, kilo 150 hivi za mchele na karanga za kuungia mboga. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mahindi huwa mengi sokoni kati ya mwezi wa sita na wa nane, kisha bei hupanda taratibu mpaka kufikia kilele chake Januari na Februari, wakati ambapo mahitaji ya shule nayo yanadai fedha. Familia inayonunua unga kwa kilo dukani hulipa bei ya Februari kwa chakula kilichovunwa Juni. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tuanze kununua chakula cha mwaka mzima kwa mara moja, na ndiyo iliyonikutanisha na mifuko ya PICS, yaani mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, ambayo tumeitumia tangu Julai 2022 na ambayo ningependa kuieleza hapa kwa ukamilifu.

Ninawaandikia watu wanaonunua chakula na kukitunza ili wakile wenyewe. Maelezo mengi yanayotolewa kuhusu mifuko hii yanamlenga mkulima anayefunga gunia Julai na kulifungua Januari ili auze, na mkulima huyo anahudumiwa vizuri sana. Stoo ya familia hufunguliwa kila mara, watoto huingia na kutoka, chakula huchotwa kidogo kidogo, na hayo yote hubadilisha namna mfuko unavyofanya kazi. Sikuliona jambo hilo likielezwa popote wakati tunaanza, na lilitugharimu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia mifuko ya kawaida ya salfeti na dawa ya unga inayochanganywa na nafaka. Dawa ilisaidia kwa miezi ya mwanzo, lakini ilipofika Desemba tulianza kusikia ule mlio mdogo wa kutafuna ambao kila mtu aliyewahi kulala jirani na stoo ya mahindi anaufahamu, na chini ya magunia kulikuwa na unga mweupe ambao haukusagwa na mashine yoyote. Huyo alikuwa dumuzi, mdudu aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye tangu hapo amesambaa sehemu kubwa ya Afrika. Fukusi wa kawaida huharibu punje, lakini dumuzi huigeuza kuwa vumbi. Mama mkwe wangu, aliyekulia Kongwa katika nyumba yenye vihenge viwili, alizoea kuchanganya nafaka na majivu na majani makavu ya mwarobaini, na anasema njia hiyo ilitosha kabisa utotoni mwake. Siku niliyomwonyesha mahindi yetu ya Januari alichukua kiganja kimoja, akayapuliza, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu si mdudu wa kihenge chetu." Alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu alipokuwa mtoto dumuzi alikuwa hajafika nchini.

Mfuko wa PICS una tabaka tatu. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki angavu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukiwa na unene wa mikroni 80, na nje kuna mfuko wa kusokotwa unaofanana na salfeti, ambao kazi yake ni kubeba uzito na kuilinda ile ya ndani. Nafaka hutiwa katika mfuko wa ndani kabisa, hewa hukamuliwa kwa mikono kutoka juu ya nafaka, shingo ya plastiki husokotwa mpaka ikaze, hukunjwa mara mbili na kufungwa kwa kamba imara, kisha mfuko wa pili hufungwa vivyo hivyo, na wa nje humalizia. Wadudu walioingia pamoja na nafaka hubaki humo, hupumua oksijeni iliyosalia na kuimaliza. Oksijeni inapopungua huacha kula na kuzaliana, na kwa kuwa miili yao hutegemea oksijeni hiyo hiyo ili kutengeneza maji kutokana na chakula kikavu, hatimaye hukauka na kufa. Hakuna dawa yoyote inayotiwa, na kwa mama mwenye watoto wadogo jambo hilo peke yake lina uzito mkubwa, kwa sababu mahindi yanaweza kutolewa leo na kupelekwa mashineni leo.

Njia hii ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakifanya kazi na wakulima wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, na zao walilolenga wakati huo lilikuwa kunde. Mahindi yalifuata baadaye, na Afrika Mashariki mifuko ilienea kwanza kwa ajili ya mahindi.

Matokeo yetu ya msimu wa kwanza ndiyo yaliyonishawishi. Tulinunua mahindi Kibaigwa, ambako soko lake hupokea shehena kutoka Kongwa na Kiteto, tukafunga magunia saba katika mifuko ya PICS na kuliacha moja katika salfeti bila dawa, kwa makusudi, ili tuone tofauti kwa macho yetu. Februari tuliyafungua mawili ya PICS na lile la salfeti kwa siku moja. La salfeti lilikuwa limelegea na kuinama upande mmoja, na tulipolipepeta tukapata punje nzima zisizozidi nusu yake. Katika yale mawili tuliokota wadudu waliokufa, tukaona punje chache zilizotobolewa kabla ya kufungwa, na mahindi yaliyobaki yalikuwa na rangi ile ile na harufu ile ile ya Julai. Nilimwita mume wangu aje anuse, naye akamwita jirani. Hatukuwahi kula dona ya Februari yenye ladha ya mahindi mapya tangu tulipoanza maisha, na sisiti kusema kwamba nilifurahi mno.

Hata hivyo, gunia moja kati ya yale saba lilituumiza, na ni lazima nilieleze kwa kirefu kwa sababu kosa lile lingeweza kuwadhuru watoto. Lilikuwa gunia la mwisho kununuliwa, muuzaji alituhakikishia kuwa ni makavu, nasi tulikuwa tumechoka, tukalifunga jioni ile ile bila kuyaanika wala kuyapima. Tulipolifungua Aprili lilitoa harufu ya uvundo, punje za pembeni zilikuwa zimeshikana, na kuvu ya rangi ya kijani kibichi ilionekana kandokando ya plastiki. Mfuko usiopitisha hewa huzuia pia unyevu usitoke, kwa hiyo nafaka mbichi iliyofungwa humo haina nafasi ya kuendelea kukauka kama ambavyo ingekauka kidogo kidogo ndani ya salfeti. Kosa halikuwa la mfuko bali letu, lakini yeyote anayetaka kununua mifuko hii ni lazima ajue kwamba inadai ukavu kuliko njia nyingine yoyote ya kuhifadhi.

Tulilimwaga lote shimoni na kulifukia. Majirani wawili walituomba tuwape wakawalishe kuku na ng'ombe wao, na tulikataa kwa heshima, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka, haiishii kumdhuru mtu anayekula ugali. Humdhuru mnyama pia, na ng'ombe wa maziwa aliyekula nafaka yenye sumu hiyo huipitisha katika maziwa. Kuipika hakuiondoi, wala harufu nzuri au rangi nzuri ya unga si ushahidi kwamba haimo. Watu wa Dodoma hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kama habari ya mbali, kwa sababu mwaka 2016 mkoa wetu na jirani zetu wa Manyara walizika watu waliokula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Kuvu inayotengeneza sumu hiyo huanza shambani, hasa mahindi yanapopigwa na ukame kabla ya kukomaa, kisha huendelea kustawi katika nafaka isiyokauka vizuri. Mfuko mzuri uliofungwa juu ya nafaka kavu huzuia sumu isiongezeke, lakini hauna uwezo wa kuondoa ile iliyokuja nayo kutoka shambani. Ndiyo maana sasa huchambua mahindi kwa mkono kabla ya kufunga, tukitoa kila punje iliyopasuka, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, na mahindi ya mwaka wenye ukame mkali tunayakoboa kabla ya kusaga, kwa maana sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini. Watoto wanalalamika kwamba wanapenda dona. Nami naipenda, ila si katika mwaka kama huo.

Kipimo tunachotumia ni cha chupa na chumvi, ambacho hakigharimu kitu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na yenye kifuniko, jaza mahindi mpaka theluthi yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na ni lazima irudi juani. Isipogandamana, unyevu uko chini ya hapo, lakini kwa mfuko uliofungwa barabara inafaa uwe asilimia 13 au pungufu, kwa hivyo sisi huongeza siku mbili za kuanika juu ya turubai hata baada ya chumvi kutupa jibu zuri. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu kipimo kitakudanganya, hivyo tunaianika kwanza. Tangu tuanze kufanya hivyo kwa kila gunia, bila kumwamini muuzaji yeyote hata awe rafiki, hatujapoteza gunia la pili.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu makubwa kuhusu mfuko huu kwa matumizi ya nyumbani, ambayo ni ukubwa wake. Mifuko inayopatikana kwa urahisi madukani ni ya kilo 100. Familia kama yetu inapofungua mfuko huo hukaa nao kwa miezi miwili, ikichota debe moja leo na jingine baada ya siku kumi, na kila unapofunguliwa hewa mpya huingia na kuwapa pumzi wadudu wachache waliosalia. Kadiri nafaka inavyopungua ndivyo kazi ya kuikamua hewa inavyokuwa ngumu, na aliyetumwa kuchota, hasa akiwa mtoto mwenye haraka, atasokota shingo ya plastiki mara moja tu na kuondoka. Katika msimu wa kwanza mfuko uliokuwa ukichotwa ulipata wadudu hai wiki ya sita, wakati mifuko iliyofungwa pembeni yake haikuwa na hata mmoja.

Suluhisho tulilolifikia ni kuigawa stoo katika sehemu mbili. Mifuko ya PICS ni ghala la nyuma, na haifunguliwi mpaka siku ya kumwagwa yote. Ikishafunguliwa, kilo 100 zote huhamishiwa siku hiyo hiyo katika ndoo saba hivi za plastiki za lita 20, zenye vifuniko vinavyobana na zilizojazwa mpaka juu ili hewa ibaki kidogo, kisha familia huchota kutoka ndoo moja mpaka iishe ndipo ndoo ya pili iguswe. Kwa maharage tunatafuta mifuko ya kilo 50, ambayo ni adimu kidogo lakini inafaa kutafutwa. Ikiwa watengenezaji wangeweka sokoni kwa wingi mifuko ya kilo 25, ninaamini nyumba nyingi za mjini zingeinunua, kwa kuwa mpangaji mwenye chumba kimoja na jiko naye anastahili kununua mahindi ya Julai.

Kuhusu kuzungusha akiba, kanuni yetu ni kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na ugumu wake uko katika kuitekeleza, maana gunia la zamani daima liko nyuma na jipya liko karibu na mlango. Kila msimu tunahakikisha stoo ina magunia manane wakati mahitaji ni sita. Mawili ya ziada hayaguswi mpaka mavuno mapya yaonekane kwa macho, kwa sababu mvua za Dodoma haziahidi kitu, na mavuno yakishapatikana hayo mawili ndiyo yanayoliwa kwanza, kuanzia Julai hadi Oktoba, huku sita mapya yakipumzika. Kwa utaratibu huo hakuna gunia linalokaa stoo zaidi ya miezi kumi na minne au kumi na sita. Kila mfuko unafungwa kitambaa chenye maandishi ya wino mzito yanayotaja zao, mwezi wa kununuliwa na soko ulikotoka, na daftari linaning'inia nyuma ya mlango wa stoo ambamo anayefungua mfuko huandika tarehe na hali aliyoukuta nayo. Binti yangu wa darasa la sita ndiye mtunza daftari, na anaifanya kazi hiyo kwa umakini kuliko sisi wazazi wake.

Maharage yanahitaji tahadhari ya pekee. Mfuko wa PICS huyalinda kikamilifu dhidi ya wadudu, lakini hauwezi kuyazuia yasizeeke, na maharage yaliyokaa muda mrefu katika joto huwa magumu kuiva hata yalowekwe usiku kucha, jambo linalomaanisha mkaa mwingi zaidi kwa sufuria moja. Kwa hiyo hatuyapitishi mwaka. Mchele uliokobolewa ni kinyume chake, kwani ukikaa miezi kadhaa hupikika ukachambuka vizuri kuliko ule mpya unaoshikana, na mama yeyote anayenunua mchele wa Kyela au Kilombero anajua kuuliza kama ni wa msimu huu au uliopita. Karanga tunazihifadhi zikiwa nzima na zimechambuliwa, kwani nazo ni mahali sumukuvu inapopenda. Unga hatuuweki katika mifuko hii kabisa. Dona ina mafuta ya kiini yanayochacha baada ya wiki chache, kwa hivyo tunasaga debe moja moja.

Panya ndio adui ambaye mfuko huu hauna jibu kamili kwake. Plastiki huzuia harufu ya chakula isitoke kwa kiasi kikubwa, na hilo hupunguza mvuto, lakini panya aliyezoea stoo hutoboa bila shida, na tundu dogo kama kichwa cha kiberiti linatosha kuharibu kazi yote. Tumeweka mifuko juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, tumeziba nafasi chini ya mlango kwa bati, na tunafuga paka. Dumuzi naye anaweza kutoboa plastiki akiwa na muda, kwa hiyo nafaka yenye wadudu wengi ipepetwe kwanza. Vitu vyenye ncha kali, kama makopa ya muhogo, tumeviacha nje ya mpango huu.

Kabla ya kila msimu tunaijaza hewa mifuko ya plastiki, tunaishika shingo na kuikandamiza huku tukisikiliza. Wenye tundu haurudi kazini kama mfuko wa ndani. Kwa uangalifu huo mifuko mingi ya mwaka 2022 imetuhudumia misimu yote mitatu. Tulinunua kwa shilingi 5,000 kila mmoja, ikiwa ni mara kadhaa ya bei ya salfeti, lakini salfeti ilidai dawa kila mwaka na bado ilitupotezea mahindi. Mnunuzi aifungue mifuko mbele ya muuzaji na kuhesabu plastiki mbili, kwa sababu katika duka moja la pembejeo, ambalo silitaji, nilinunua mfuko kwa kuamini maandishi ya nje, nikamuuzia mama mkwe wangu, kumbe ulikuwa na plastiki moja tu, na ilinibidi nimrudishie fedha zake na kumnunulia mwingine. Kihenge cha bati hudumu miaka mingi zaidi na panya hawakiwezi, ila bei yake na nafasi kinayochukua vinakifaa kijiji kuliko nyumba ya mjini.

Wiki iliyopita tumefungua gunia la kwanza kati ya yale mawili ya akiba ya mwaka 2024. Daftari linasema: "Makavu, hakuna wadudu hai, harufu nzuri." Mahindi mapya yameanza kuingia Kibaigwa, na tutakwenda kununua mwishoni mwa mwezi, tukiwa na chupa ya kioo na chumvi ndani ya kikapu.